Tumbo Si Shibe: Jinsi ya Kumpima Mbwa wa Nyumbani kwa Mkono

(Muziki wa kipindi, kisha sauti inashuka.)

Kama uko jikoni Mtongwe, kama unaanika nguo Kiembeni, kama umekaa kibarazani Chaani na mtoto mapajani, kipindi hiki cha afya ni chako.

Leo tuna jambo ambalo huenda likakuchekesha. Tutazungumza juu ya uzito wa mbwa. Najua utasema, watoto wetu wenyewe hatujamaliza kuwapima, itakuwa mbwa? Ngoja kwanza nikusimulie kisa, halafu uamue mwenyewe kama ni cha kucheka.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiishi Mikindani, jirani zangu walikuwa na mbwa wa kulinda. Mbwa wa kawaida tu, rangi ya mchanga, masikio yamesimama. Baada ya mvua za masika yule mbwa akaanza kuota tumbo. Sote tuliopita pale langoni tulimsifu. "Mbwa wenu anakula vizuri, angalieni kitambi hicho!" Na mwenyewe mama wa nyumba alifurahi, maana nani asiyependa kusifiwa kwamba kwake kuna shibe?

Siku moja akaja mgeni, bibi mzee aliyewahi kufuga mbwa wa kuwinda huko bara. Alimtazama yule mbwa, akainama, akamshika ubavuni. Akasema, "Huyu hajashiba. Huyu anakonda." Tukashangaa. Akamwita mama wa nyumba naye apapase. Kweli, chini ya manyoya mbavu zilikuwa zimetokeza kama mataruma ya jahazi, zile mbao za ndani zinazoshikilia chombo. Mgongoni mifupa ilihesabika. Nyama yote ya mwili ilikuwa imekwisha, tumbo peke yake ndilo lililojaa.

Daktari wa mifugo alipofika alifunua midomo ya mbwa, akatazama fizi, akatazama weupe wa macho. Vilikuwa manjano kama embe bivu. Akasema ini limeharibika na lile tumbo limejaa maji. Kisha akauliza swali moja tu: "Anakula nini?"

Jibu lake nitakupa baadaye kidogo. Kwanza tujifunze kile alichofanya yule bibi kwa mkono wake, maana hata wewe unaweza kukifanya leo hii.

Mama, wewe uliyewahi kumpeleka mtoto kliniki unajua kwamba muuguzi hapimi afya ya mtoto kwa kutazama mashavu. Humweka kwenye mizani. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 huzungushiwa utepe wa rangi tatu kwenye mkono wa juu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kati ya hapo na 12.5 ni manjano, kuzidi hapo ni kijani. Kwa nini asitazame tumbo? Kwa sababu tumbo hudanganya. Mtoto mwenye minyoo ana tumbo. Mtoto mwenye utapiamlo wa kuvimba naye ana tumbo, na miguu minene, ilhali mwili wake una njaa. Kwa mbwa ni vivyo hivyo, na utepe wake ni mbavu.

Haya, weka mwiko chini kidogo, mikono iwe mitupu. Kunja ngumi mkono wa kushoto. Kwa ncha za vidole vya mkono wa kulia, pita juu ya vifundo vya ile ngumi. Unahisi mifupa imetokeza, na katikati kuna mabonde. Ukimpapasa mbwa mbavuni ukahisi hivyo, amekonda mno.

Sasa kunjua ngumi, laza mkono juu ya meza, kiganja chini. Pitisha vidole mgongoni mwa mkono, pale kati ya vifundo na kifundo cha mkono. Mifupa unaihisi, unaweza hata kuihesabu, lakini ina ngozi na nyama kidogo juu yake. Mbavu za mbwa zikiwa hivyo, uzito wake ni mzuri. Usiongeze, usipunguze.

Mwisho geuza kiganja juu, ubonyeze ile nyama nene iliyo chini ya kidole gumba. Mfupa uko wapi? Lazima ukandamize ndipo uupate. Mbwa ambaye mbavu zake ni za kutafuta namna hiyo amenenepa kupita kiasi.

Hiyo ndiyo mizani yenyewe. Madaktari wa mifugo wana kipimo cha namba, moja hadi tisa, kilichoenea kutoka Marekani tangu miaka ya 1990. Moja ni mbwa wa mifupa mitupu, tisa ni pipa, na wanaotakiwa ni wale wa nne na wa tano. Lakini hata wao wakishamtazama mbwa humshika mbavu, kama yule bibi.

Baada ya mkono, tumia macho. Simama juu ya mbwa umwangalie mgongo. Nyuma ya mbavu panapaswa kuwa na kiuno, pamebonyea kidogo kila upande. Kisha umtazame kwa ubavu: tumbo linapaswa kupanda kuelekea miguu ya nyuma, si kulala sawa na kifua wala kuning'inia. Mbwa wetu hawa wa mtaani ni wembamba kwa asili, miguu mirefu, manyoya mafupi, kwa hivyo ukiona mbavu mbili tatu za mwisho zinachungulia anapopumua usiogope. Ukiziona mbavu zote ukiwa mbali, pamoja na uti wa mgongo na mifupa ya nyonga, hapo kuna tatizo. Na yule mwenye manyoya mengi usimwamini kwa macho kabisa. Manyoya ni kama dera, huficha mengi.

Nisisahau tahadhari. Mshike mbwa wako mwenyewe, anayekujua, akiwa ametulia. Usimshike anapokula, wala mwenye watoto wanaonyonya. Mbwa koko wa jalalani mwache. Kazi hii ni ya mtu mzima, usimtume mtoto. Na kwa sisi ambao kwa sababu ya dini hatupendi kumgusa mbwa, ingawa tunaye langoni kwa ulinzi, yule anayemlisha kila siku, awe mlinzi au kijana wa kazi, anaweza kupapasa. Wewe mwambie unataka kujua nini: ngumi, mgongo wa mkono, au kiganja? Atakujibu kwa neno moja. Na yeyote atakayemgusa anawe kwa sabuni.

Turudi kwenye tumbo, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokosea.

Mbwa jike mwenye tumbo huenda ana mimba, na mimba ya mbwa ni miezi miwili tu, basi hesabu. Mbwa ambaye tumbo limemvimba ghafla, ndani ya saa chache, akawa anajaribu kutapika na hakitoki kitu, huyo yuko hatarini. Usingoje kesho. Lakini mbwa mdogo mwenye tumbo la duara na mbavu za ngumi, mara nyingi hiyo ni minyoo.

Na minyoo ya mbwa, mama, haiishii kwa mbwa. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa nayo tayari, wameipata wakiwa tumboni mwa mama yao. Mayai yake hutoka na kinyesi. Kinyesi kikiwa kibichi, mayai ya ile minyoo mirefu ya duara hayajawa tayari kuambukiza. Huchukua kama majuma mawili au zaidi udongoni ndipo yaive. Ndiyo maana kukiondoa siku hiyo hiyo kunasaidia sana. Ukikiacha, mvua hukieneza, kuku hukichakura, na mtoto wako anayetambaa hutia mchanga mdomoni. Ndani ya mwili wa mtoto viluwiluwi vya minyoo hupotea njia. Huenda kwenye ini, huenda kwenye mapafu, na wakati mwingine huingia jichoni na kuharibu uwezo wa kuona. Kuna na minyoo ya aina ya safura ya mbwa, ambayo hupenya ngozi ya mguu mtupu na kuchora mistari inayowasha, inayotembea kidogo kidogo kila siku. Sisi wa pwani tunaocheza mchangani tunaijua. Basi chota kinyesi kwa jembe au kipande cha boksi, ukifukie mbali na pale watoto wanapocheza au ukitupe chooni. Watoto wavae viatu.

Mbwa mdogo apewe dawa ya minyoo kuanzia umri wa majuma mawili, arudiwe kila baada ya majuma mawili mpaka afikishe miezi miwili hivi, kisha kila mwezi hadi nusu mwaka. Mkubwa, mara moja kila miezi mitatu. Dawa hupimwa kwa kilo za mbwa, usikisie na usimpe vidonge vya watoto. Kama huna mizani ya mifugo, panda mwenyewe kwenye mizani ya kawaida, hata ile ya vijana wanaopima watu barabarani, kisha panda tena ukiwa umembeba mbwa. Toa hesabu ya kwanza kwa ya pili. Kidogo kabisa mtie kikapuni na kumtundika kwenye mizani ya dukani, kama mtoto kliniki, mwenye duka akikubali! Huwa hakubali.

Kuna pia kupe. Mbwa aliyejaa kupe hunyonywa damu na huambukizwa magonjwa yanayomkondesha, akapata homa, fizi zikawa nyeupe badala ya waridi. Na wewe wa Likoni unayempeleka mbwa shambani upande wa Shimba Hills, jua kwamba kule kuna mbung'o, na mbwa hudhurika vibaya na ugonjwa wake. Akirudi anakonda na macho yameingia ukungu, mpeleke haraka.

Sasa jibu la swali la daktari. Anakula nini?

Familia ile ilikuwa imeletewa gunia la mahindi kutoka bara. Mvua ikavuja stoo, gunia likalowa upande mmoja. Mahindi yakaota ukungu, mengine ya kijani, mengine meusi. Mama wa nyumba hakuwa mzembe. Alikaa mkekani akayachagua: mazuri yakapelekwa mashineni kusagwa, yaliyoharibika akachemshiwa mbwa, kwa sababu kutupa chakula ni vibaya. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Unga umeota ukungu, mpe mbwa. Wali umechacha, mpe mbwa. Mkate una madoa, mpe mbwa au kuku.

Ukungu wa aina ile hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na sumu hiyo hushambulia ini. Kuchemsha hakuiondoi. Mbwa huathirika upesi. Haya si mambo ya kuhadithiwa tu: mwaka 1977, mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Eldoret na hapa hapa Mombasa kwa sumu hii, iliyotokana na chakula kilichohifadhiwa vibaya. Na mwaka 2004 ikawa zamu ya watu. Katika sehemu za Ukambani, Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa.

Sasa unaona kwa nini yule daktari, baada ya kusikia habari za gunia, hakuuliza tena juu ya mbwa. Aliuliza, "Na yale mliyochagua yako wapi?" Yalikuwa jikoni, unga tayari, na asubuhi ile watoto walikuwa wamekunywa uji wake. Kuchagua kwa macho hupunguza sumu, lakini hakuimalizi, maana punje inaweza kuonekana safi na imo. Unga ukamwagwa wote, na watoto wakapelekwa kuangaliwa. Wao walisalimika. Mbwa alikufa baada ya siku nne.

Kwa hivyo chakula kilichoota ukungu hakina wa kupewa. Si mbwa, si kuku, si mbuzi. Fukia.

Mbwa ale nini basi? Sima peke yake humjaza tumbo, haimjengi mwili, kama mtoto anayelishwa uji mtupu. Changanya sima au wali na dagaa waliochemshwa, mabaki ya samaki yaliyotolewa miiba, au mapupu na matumbo kutoka buchari, yaliyopikwa yakaiva. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vikali na kumchoma ndani. Vitunguu pia humdhuru, kwa hivyo ule mchuzi uliobaki si zawadi kwake. Mkubwa ale mara mbili kwa siku, mdogo mara tatu au nne. Anayenyonyesha huhitaji mara mbili hata mara tatu ya chakula chake cha kawaida, na yeye akikonda kidogo usimlaumu. Maji yawepo wakati wote.

Wanene nao wapo, hasa wale wanaofungwa minyororo mchana kutwa na kila apitaye akawatupia kipande cha mkate. Wakati wa kaskazi utawasikia wanahema tangu saa tatu asubuhi, maana mbwa hatoi jasho kama sisi, na mafuta ni blanketi asiloweza kulivua. Huko Marekani waliwahi kufuatilia mbwa 48 maisha yao yote, wakiwa wawili wawili wa tumbo moja, mmoja akipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Matokeo yalitolewa mwaka 2002: waliopunguziwa, ambao walikuwa wembamba, kwa wastani waliishi karibu miaka miwili zaidi. Kama mbwa wako ni wa kiganja, punguza kidogo kidogo, acha vipande vya mkate, umtembeze jioni jua likipoa. Papasa tena baada ya majuma mawili. Usimfungishe njaa ghafla.

Neno la mwisho ni zito, tafadhali lisikilize vizuri. Mbwa anaweza kukonda kwa sababu hawezi kumeza. Ukiona mbwa, awe wako au wa jirani, anatokwa na mate mengi, taya limelegea, sauti imebadilika, au tabia imegeuka, mpole akawa mkali na mkali akawa mpole ajabu, usitie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usimpapase huyo. Watoe watoto, funga lango, mwite afisa wa mifugo wa kaunti ndogo yako. Ugonjwa huu huua watu kama 59,000 kila mwaka duniani, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara hapana tiba.

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata kidogo, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, ni muda mrefu kuliko unavyofikiri. Usipake kahawa, usipake pilipili, usikifunge kwa kitambaa. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, akaanze sindano, na azimalize zote hata kama kidonda kimepona. Mbwa naye achanjwe akifika miezi mitatu, halafu kila mwaka. Nchi yetu ilianza mwaka 2014 mpango wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030, na mara nyingi chanjo hutolewa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Uliza mapema kwa chifu au ofisi ya mifugo ni lini watafika mtaani kwako. Na ukifika pale foleni na mbwa wako, muombe daktari akupapasie mbavu na yeye, mlinganishe majibu.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumzia kupe na viroboto, na kwa nini mafuta ya taa si dawa yao. Mimi nakuaga hapa. Mwiko wako unakungoja, na nahisi kuna kitu kinaungua.

(Muziki unapanda.)